Kabla hujaandika "GPS imeapdetiwa" kwenye tangazo lako, jua umeapdeti nini

Leo naongea na wale wanaouza GPS za mkono, mpya au zilizotumika, kupitia WhatsApp, Instagram na Facebook. Hata kama huuzi GPS, kama unauza kifaa chochote kinachochomekwa kwenye kompyuta, pita nami kidogo, kuna hela yako humu.

Nilipoanza biashara hii hapa Mpanda, matangazo yangu yote yalikuwa na maneno yale yale: "Garmin safi kabisa, imeapdetiwa, ipo tayari kwa kazi." Niliona neno hilo linavuta wateja, maana kila mtu anataka kitu cha kisasa. Ukweli ni kwamba sikujua nimeapdeti nini. Nilikuwa nachomeka kifaa kwenye laptopu, nabonyeza kila kinachobonyezeka, ikiandika imemaliza naiweka kwenye boksi na kupiga picha.

Mzee mmoja mchimbaji mdogo wa dhahabu akaiona eTrex 20 kwenye status yangu, akainunua. Leseni yake ndogo ilikuwa ya hekta 10. Akaingiza koodineti za kona zake nne kutoka kwenye karatasi, akaifuata GPS mpaka ilipomwambia amefika, akaweka vijana wachimbe. Siku ya tatu akatokea mwenye eneo la jirani na karatasi zake mkononi. Vijana walikuwa wanachimba kwa mtu mwingine.

Akanipigia. Hata shikamoo yangu hakuiitikia. "Kijana, hii GPS yako uliyoiapdeti imenipeleka kwenye eneo la watu. Nataka hela yangu."

Nikarudisha hela yote, nikabaki na kifaa. Wiki ile nzima niliamini kwamba apdeti imeharibu GPS, na nilikuwa karibu kukiuza kama kibovu. Kilichoniokoa ni mpima ardhi mmoja aliyekuja dukani kutafuta waya. Akakishika dakika mbili, akacheka, akaniambia kifaa kizima kabisa, wewe ndiye uliyekifuta mipangilio.

Kuanzia hapo nikakaa chini kujifunza. Nilichogundua ni kwamba neno "kuapdeti" limebeba mambo manne tofauti, na kila moja lina programu yake. Tukiyachanganya ndiyo tunapigiwa simu za namna ile.

Jambo la kwanza ni programu ya ndani ya kifaa chenyewe, ile inayokiendesha, kama simu yako inavyokuwa na toleo la Android. Hii haina barabara wala jina la kijiji ndani yake. Inarekebisha makosa ya kifaa, inaongeza uwezo fulani, basi. Kwa Garmin, inayofanya kazi hii siku hizi ni Garmin Express. Ni programu ya kompyuta, Windows au Mac, inapatikana bure kwenye tovuti ya Garmin wenyewe. Kabla yake kulikuwa na WebUpdater, ambayo ilikuwa inashughulika na programu ya ndani tu, haigusi ramani. Ndiyo maana mafundi wa zamani ukiwatajia kuapdeti wanakutajia WebUpdater. Hawajakosea, wanaongelea enzi yao.

Je, mteja anahitaji kweli kuapdeti programu ya ndani? Mara nyingi kifaa kinafanya kazi vizuri bila hiyo. Lakini kuna kisa kimoja ambacho kila muuzaji wa GPS za mtumba anapaswa kukijua. Satelaiti za GPS zinahesabu wiki kuanzia tarehe 6 Januari 1980, na ule mfumo wa kwanza wa kuhesabu unaishia wiki 1024 halafu unarudi sifuri. Wiki 1024 ni karibu miaka 20. Hesabu ilirudi sifuri Agosti 1999, ikarudi tena tarehe 6 Aprili 2019. Kifaa cha zamani ambacho programu yake haikuandaliwa kwa jambo hilo kinaweza kukuonyesha mahali ulipo sawasawa kabisa, lakini tarehe ikasoma karibu miaka 20 nyuma. Mteja akiona hivyo anasema umemuuzia feki. Kama mtengenezaji ametoa toleo jipya la kifaa hicho, Garmin Express italeta. Kama hajatoa, mwambie mteja kabla hajalipa: mahali itampa sawa, tarehe asiitegemee. Nimeshauza namna hiyo kwa bei ya chini na hakuna aliyerudi kulalamika, kwa sababu alijua.

Wakati wa kuweka programu ya ndani, weka betri mpya. Hizi eTrex nyingi zinatumia betri mbili ndogo za AA, zile za rimoti kubwa. Programu inashushwa kwenye kompyuta kwanza, inawekwa kwenye kifaa, halafu ukichomoa waya kifaa kinawaka chenyewe na kumalizia kujiweka. Betri zikifa hapo katikati, umejitafutia kazi. Laptopu nayo iwe imejaa chaji. Mimi siku umeme una kigugumizi sianzi kabisa.

Halafu waya. Hii inachekesha lakini imenipotezea wateja. Modeli nyingi za eTrex tulizonazo huku, kuanzia 10, 20, 30 mpaka 22x na 32x, zinatumia tundu la USB lile nene la zamani, siyo la simu. Waya unaopatikana kirahisi mara nyingi ni ule wa kuchaji tu, hauna nyaya za kupitisha data ndani. Ukichomeka, kifaa kinawaka lakini kompyuta haikioni. Usikimbilie kusema kifaa ni kibovu. Badilisha waya kwanza. Waya mzuri nimeuwekea alama ya plasta nyekundu na hauazimwi.

Jambo la pili ni ramani, na hapa ndipo hela za watu zinapoliwa.

Mteja akisema "niapdetie GPS" mara nyingi ana maana ya ramani, anataka aone barabara na vijiji. Sasa angalia kwanza modeli. eTrex 10 ina ramani ya dunia ya jumla tu, nyeusi na nyeupe, na haina sehemu ya kuingiza memori kadi. Ukimwahidi mtu kwamba utamwekea ramani ya Katavi yenye mitaa kwenye eTrex 10, unamdanganya. eTrex 20 na 30 zina sehemu ya kadi, hapo unaweza kuongeza.

Ramani za kulipia za Garmin zinaletwa na kuapdetiwa kwa Garmin Express ile ile. Zile za kwenye gari zinazoitwa nüvi, ukiona jina la modeli linaishia na LM, herufi hizo zina maana kwamba inapata ramani mpya bila kulipia kwa maisha ya kifaa hicho. Hiyo ni sababu ya kuongeza bei kidogo, iandike kwenye tangazo. Lakini jiandae kwa bando. Ramani ya gari inaweza kula gigabaiti kadhaa. Garmin Express ukiiachia yenyewe inaweza kuanza kushusha kila kitu, kwa hiyo fungua orodha ya inachotaka kuleta, chagua programu ya ndani peke yake kama hicho ndicho ulichokubaliana na mteja. Mimi iliwahi kunimalizia bando la wiki kwa kazi ambayo mteja alikuwa ananilipa elfu tano.

Na jihadhari na wale wa kwenye magrupu wanaouza "ramani mpya ya Garmin" kwa elfu kumi wakikutumia faili. Ramani halisi za Garmin zinafungwa kwa kifaa kimoja. Ukinakili kutoka kifaa cha fulani kwenda kingine, kioo kinakuandikia kwamba ramani haiwezi kufunguliwa. Hela imekwenda, na wakati mwingine faili limekuja na virusi vya kompyuta juu.

Njia halali na ya bure ipo. OpenStreetMap ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na kuna tovuti zinazoigeuza kuwa faili la kusomwa na Garmin. Faili hilo kwa kawaida linaitwa gmapsupp.img, unaliweka kwenye folda ya Garmin ndani ya memori kadi, unawasha kifaa, ramani ipo. Haihitaji Garmin Express kabisa. Ubora wake unategemea watu waliochora. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015 kuchora mitaa inayojaa maji ya mafuriko, kwa hiyo kule utakuta mpaka vichochoro. Ukija huku kwetu, barabara kubwa za kwenda Tabora, Sumbawanga na Kigoma zipo, lakini njia ya kwenda machimboni usitegemee kuikuta. Kwa hiyo kabla sijamwekea mteja naifungua kwenye simu, namwonyesha eneo lake, namuuliza kama inamtosha. Akisema ndiyo, naweka. Akisema hapana, hakuna aliyedanganywa.

Jambo la tatu ni pointi za mteja mwenyewe. Aisee, hapa naomba mtulie.

Mtu anayetumia GPS kwa kazi, ramani kwake ni kitu kidogo. Mali yake ni zile alama alizoziweka mwenyewe: kona za eneo, chanzo cha maji, mti wenye mzinga. Nilipata mfugaji nyuki wa upande wa Inyonga, ameweka alama za mizinga yake msituni kwa misimu mitatu. Aliniletea kifaa akisema kinakwama kwama. Nikakirudisha kwenye hali ya kiwandani ili kiwe chepesi. Kikawa chepesi kweli, kitupu. Mizinga anaijua kwa kichwa, lakini siyo yote, na alikuwa amepanga kumkabidhi mwanawe kile kifaa ili naye aanze kuizungukia. Sikumtoza kitu, lakini hilo halikurudisha hata pointi moja.

Sasa hivi kifaa kikifika mezani kwangu, jambo la kwanza ni kunakili. Kwenye Garmin za miaka ya karibuni ni rahisi: ukichomeka inatokea kama flashi, unafungua folda ya Garmin, ndani yake kuna folda ya GPX, unainakili yote kwenye kompyuta na kuipa jina la mteja na tarehe. Huhitaji programu yoyote. Mafaili hayo unaweza kuyafungua kwenye Google Earth ukamwonyesha mteja pointi zake kwenye picha ya satelaiti. Wengi hawajawahi kuona. Mfugaji nyuki mwingine nilimwonyesha yake akakaa dukani nusu saa anazihesabu.

Zile za zamani zaidi, kama eTrex za njano za kwanza, hazitokei kama flashi. Hapo ndipo unahitaji programu ya kuhamisha data. MapSource ya Garmin ilikuwa ya enzi hizo, baadaye ikaja BaseCamp. Kuna pia EasyGPS, ya bure na nyepesi kwa laptopu dhaifu. Watu wa misitu na wapima wengi wanatumia DNRGPS, iliyotengenezwa na idara ya maliasili ya jimbo la Minnesota kule Marekani, nayo ni bure. Zote hizi hazileti programu mpya ya ndani ya kifaa. Kazi yake ni kutoa na kuingiza pointi, kupanga njia, kuangalia. Nimeona watu wanashusha BaseCamp wakitafuta kitufe cha kuapdeti mpaka wanachoka. Hakipo, siyo kazi yake.

Modeli mpya kama eTrex SE zinaungana na simu kwa Bluetooth kupitia Garmin Explore, na pointi unaziona kwenye simu. Garmin Connect yenyewe ni zaidi ya saa za mazoezi. Na ukipata TomTom ya gari, hiyo ni kampuni nyingine kabisa, Garmin Express haitaiona hata ukiiombea dua. Yake ni MyDrive Connect, na zile za zamani zilitumia TomTom HOME.

Sasa turudi kwa mzee wa dhahabu, maana jambo la nne ndilo lililomtia matatani: mipangilio.

Koodineti ni namba tu mpaka ujue zimepimwa kwa mfumo gani. GPS ikitoka kiwandani inatumia mfumo unaoitwa WGS 84, ambao ndio Google Maps nao wanautumia. Lakini ramani za zamani za serikali yetu, zile za kipimo cha 1:50,000, zilipimwa kwa mfumo mwingine unaoitwa Arc 1960, na karatasi nyingi za maeneo zimeandikwa koodineti za mfumo huo. Karatasi ya mzee ilikuwa imeandikwa Arc 1960, tena chini kabisa kwa maandishi madogo. Mimi nilikuwa nimekirudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani kabla ya kukiuza ili kionekane kipya, kwa hiyo kilikuwa WGS 84.

Ukichukua namba za Arc 1960 ukaziingiza kwenye kifaa kilichopangwa WGS 84, huku kwetu unahama karibu mita 300, hasa kwa kaskazini na kusini. Kifaa hakikwambii kitu. Kinakuonyesha mshale na kukuambia umefika. Na eneo la hekta 10 likiwa la mraba, upande wake mmoja ni kama mita 316. Yaani mzee alikuwa amesukumwa karibu eneo zima, akaangukia kwa jirani. Kumbe ramani haikuhusika na programu ya ndani haikuhusika. Ilikuwa setingi moja ambayo mimi ndiye niliyeifuta.

Hakuna programu ya kompyuta inayokutengenezea hili. Unaingia kwenye kifaa chenyewe, sehemu iliyoandikwa Setup, kisha Position Format, humo utakuta Map Datum. Soma kilichopo, KIPIGE PICHA kwa simu, ndipo uendelee na kazi nyingine yoyote. Ukimaliza, rudi uhakikishe hakijabadilika. Kwenye ukurasa huo huo angalia na namna ya kuandika koodineti, kama ni nyuzi na dakika au ni UTM. Kwa UTM, namba za hapa Mpanda zinaanza na 36 M. Ukiona karatasi ya mteja imeandikwa 37, eneo hilo liko mashariki ya nchi, au mtu amekosea kuandika. Muulize kabla hajapanda bodaboda.

Uamuzi wa mfumo upi utumike siyo wako wewe muuzaji. Karatasi ndiyo inayosema. Kama mteja ametumiwa lokesheni kwa WhatsApp, hiyo ni WGS 84. Kama ana karatasi ya leseni au ya upimaji, mwambie asome maandishi madogo, na kama hayapo arudi kwa aliyempa karatasi akaulize. Usimkisie, maana ukikosea anayekwenda kugombana shambani ni yeye.

Nilimpigia mzee nikamweleza. Alikuja na karatasi yake, tukabadilisha mbele yake, tukaenda wote mpaka kona ya kwanza. Tulikuta jiwe la alama limefunikwa na majani, hatua chache kutoka GPS ilipotuambia tumefika. Akakaa juu ya lile jiwe muda mrefu hajasema kitu. Baadaye akanunua tena kile kile kifaa, kwa bei pungufu, na mimi nilikubali. Shimo la siku tatu na posho za vijana zilikuwa zimeshakwenda.

Kitu kingine kinachochanganya wateja: huku mitaani "GPS" kwa wengi ni kile kifaa cha kufuatilia chombo, kinachofungwa kwenye bodaboda au gari na kutuma mahali kilipo kwa laini ya simu. Mabasi ya mikoani nayo yana mfumo wa LATRA wa kufuatilia mwendo. Hivyo ni vitu vingine, vina laini ndani, vinahitaji salio, na mipangilio yake mara nyingi inabadilishwa kwa meseji au na kampuni inayovihudumia. GPS ya mkono haina laini na haihitaji bando kukuonyesha mahali. Inapokea mawimbi ya satelaiti bure. Mteja akiuliza "hiyo GPS inakula bando kiasi gani kwa mwezi," ujue mnaongea vitu viwili tofauti, na ukimtumia kwa basi bila kumuuliza, itarudi kwa basi hilo hilo kwa nauli yako.

Bei zangu nimezitenganisha. Kunakili pointi ni bure kwa kila anayeleta kifaa. Programu ya ndani ina bei yake. Ramani ina bei yake, na bando la ramani ya kulipia mteja analitoa mwenyewe kwanza. Kuweka mfumo wa koodineti sitozi, ila nafanya mteja akiwa mbele yangu na karatasi yake, au anitumie picha yake kama yuko mbali.

Na tangazo langu siku hizi linasomeka hivi, mnaruhusiwa kulichukua: "eTrex 20, imetumika. Programu ya ndani toleo la mwisho, nimeweka mwezi huu. Ramani ya OpenStreetMap ya Tanzania ipo kwenye kadi, ukitaka nakutumia picha ya eneo lako uione kwanza. Haina pointi za mtu. Imepangwa WGS 84, kama karatasi yako ni Arc 1960 niambie kabla sijaituma. Waya wa data upo ndani ya boksi."